Springi Haizuii Uzito Kuhama

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi na madereva mjini Morogoro. Waliokuwa safarini siku ile wameiomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Mwenyekiti, wazee wangu, kaka zangu na dada zangu wa gereji, na ninyi madereva mlioendesha usiku kucha ili mfike hapa, habari za asubuhi.

Naomba nianze kwa swali. Mteja akiingia gereji akakwambia, "Fundi, gari langu linalala sana kwenye kona," wewe unamjibu nini? Wanaosema "tukaze springi" wanyooshe mikono.

Naona. Karibu ukumbi mzima. Mkono wangu nao ulikuwa juu kwa miaka mingi. Tumeamini kwamba springi ngumu inauzuia uzito usikimbilie upande mmoja, na kwamba gari lisilolala ni gari ambalo uzito wake umetulia. Ndugu zangu, sivyo. Springi haizuii uzito kuhama. Narudia, maana nimesafiri kuja kulisema hili: springi haizuii uzito kuhama. Kazi yake ni kuamua tairi lipi litaubeba.

Tufanye hesabu, haina ugumu. Chukua gari la kilo 1,200. Kitovu chake cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote wa gari ni kana kwamba umekusanyika, kiko sentimita 50 juu ya lami, na kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia ni sentimita 150. Liingize kwenye kona, ile kona ambayo abiria anakamata kiti cha mbele yake, mpaka nguvu ya kulitupa nje ifike sehemu 6 kati ya 10 za uzito wa gari. Hiyo ni kilo 720. Zidisha kwa kimo cha 50, gawa kwa upana wa 150. Unapata 240. Kilo 240 zimeondoka kwenye matairi ya ndani ya kona na kuhamia ya nje.

Niambieni sasa, katika hesabu hiyo springi iko wapi?

Uzito wa gari tumeuona. Kimo tumekiona. Upana tumeuona. Mwendo umo ndani ya ule ukali wa kona. Springi haimo. Funga springi ngumu kama reli, funga laini kama godoro, zitahama kilo zilezile 240. Kuna nyongeza ndogo, kwa sababu bodi ikilala kitovu cha uzito nacho husogea kidogo upande wa nje, lakini katika gari la kawaida nyongeza hiyo ni ndogo mno, haiwezi kuwa sababu ya kukata springi ya mtu.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Mzee wangu, nakuelewa. Macho yanaona bodi inalala, moyo unasema uzito wote umekwenda huko. Ngoja nikusimulie habari ya gari moja la Ufaransa.

Mwezi Oktoba mwaka 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Paris, kampuni ya Citroën ilifunua gari dogo liitwalo 2CV. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 375, yenye nguvu farasi 9. Mkuu wa kampuni, Pierre-Jules Boulanger, alitaka gari la mkulima, na mafundi wake waliagizwa kwamba liweze kuvuka shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai bila yai kupasuka. Wakalipa springi laini sana, wakaunganisha gurudumu la mbele na la nyuma kila upande ili yasaidiane. Likiingia kona, 2CV linalala mpaka aliyesimama kando ya barabara anashika kichwa, anadhani linaanguka. Halianguki. Injini yake ya pistoni mbili zilizolazwa ubavu iko chini, mwili wake ni mwepesi, na matairi yote manne yanabaki yameng'ang'ania barabara. Gari hilo lilitengenezwa hadi mwaka 1990, na muda wote huo lilikuwa linalala kwenye kona na kuamka salama.

Kwa hiyo kulala kwa bodi na kuhama kwa uzito ni mambo mawili. Fundi anayeyachanganya atatibu ugonjwa usiokuwepo.

Basi anayetaka uzito unaohama upungue afanye nini? Arudi kwenye hesabu. Ashushe mzigo ulio juu ya keria. Apunguze mwendo, na hapa madereva mnisikilize sana: kona ileile, ukitoka kilomita 40 kwa saa ukaingia na 60, nguvu ya kukutupa nje haiongezeki kwa nusu, inakuwa mara mbili na robo. Na asinyanyue gari bila sababu. Tunapokea magari ya Japani yaliyo chini, tunaweka spesa, vile vipande vya kunyanyulia, juu ya springi, tunanyanyua sentimita 5, mteja anafurahi kwamba halisugui tuta. Lile gari letu la mfano kitovu chake sasa kiko 55. Fanya hesabu upya: kilo 264. Tumeongeza asilimia 10 ya uzito unaohama na hatukumwambia mteja neno. Sisemi msiweke spesa, barabara zetu nazijua. Nasema mteja aambiwe kwamba gari hili si lile aliloliendesha jana.

Kimo si jambo la kufikirika tu. Mwaka 1997 gari jipya la Mercedes-Benz, A-Class, fupi na refu kwenda juu, lilipinduka mikononi mwa waandishi wa jarida la magari la Sweden. Walikuwa wanajaribu kumkwepa mnyama wa kufikirika, kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine na kurudi upesi. Kampuni ilisimamisha mauzo kwa wiki kadhaa, ikayarudisha magari yaliyokwisha kuuzwa, ikarekebisha sasponsheni, ikabadilisha matairi na kufunga mfumo wa kielektroniki wa kulituliza gari. Wahandisi wa kampuni kubwa kama ile waliguswa na kimo. Je, sisi tunaonyanyua magari kwa kuangalia kwa jicho?

Sasa tufike kwenye kiini. Nimesema springi inaamua nani abebe. Inaamuaje? Naomba vijana wawili wenye nguvu, na kile kitanda cha chuma pale pembeni.

Ahsanteni. Mmoja ashike kichwani, mmoja ashike miguuni, kila mmoja kwa mikono miwili, kushoto na kulia. Hiki kitanda kimechomelewa, hakipindiki. Ndiyo bodi ya gari. Naweka mfuko huu wa mchanga kwenye ukingo wa kulia. Vijana, mikono ya kulia inasemaje? Imeelemewa, wote wawili sawa. Vizuri. Sasa wewe wa miguuni, usishike tena kushoto na kulia. Shika kamba hii niliyoifunga katikati ya ukingo wa miguuni. Unabeba bado, sivyo? Anabeba. Lakini kitanda kikitaka kulala, hakizuii. Mwangalieni mwenzake wa kichwani! Tazameni kifundo cha mkono wake wa kulia kinavyotetemeka, na ule wa kushoto hauna kazi kabisa. Mchanga umeongezeka? Haujaongezeka hata punje. Aliyelegea amekataa kupambana na kulala, kwa hiyo aliyekaza amebeba mapambano yote peke yake.

Wekeni chini, wanangu, ahsanteni sana.

Gari ni kile kitanda. Ekseli ya mbele ni kijana mmoja, ekseli ya nyuma ni kijana mwingine. Mwenye springi ngumu zaidi, au stabilaiza nene zaidi, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ndiye aliyekaza mikono, na sehemu kubwa ya zile kilo 240 itapita kwake. Tairi lake la nje litaelemewa, tairi lake la ndani litabaki jepesi.

Mtauliza, kuna ubaya gani? Si jumla ni ileile? Nendeni sokoni mkawaangalie wapagazi. Wawili, kila mmoja na gunia lake, wanapanda ngazi vizuri. Mpe mmoja magunia yote mawili, mwingine umwache mikono mitupu. Magunia ni yaleyale mawili, lakini safari imeharibika. Tairi nalo liko hivyo. Ukilizidishia uzito mara mbili, kushika kwake barabara kunaongezeka, ila hakufiki mara mbili. Kwa hiyo ekseli ambayo tairi moja limeelemewa na jingine linaelea hushika barabara kidogo kuliko ekseli ambayo matairi yake yamegawana. Hapo ndipo siri yote ilipo.

Turudi kwenye gari letu. Kwa kurahisisha, tuseme kila tairi linabeba kilo 300 likiwa limesimama. Kiwandani walipanga mbele ichukue asilimia 60 ya mapambano. Kati ya zile 240, mbele inachukua 144, nyuma inachukua 96. Tairi la nje la mbele linafika kilo 444 na la ndani linabaki 156. Nyuma ni 396 na 204. Nani ataserereka kwanza? Mbele. Dereva akizidisha mwendo, gari linakataa kona, pua inatanuka kwenda nje, anashtuka, anaachia mafuta, gari linatulia. Magari mengi ya watu wa kawaida yamepangwa hivyo makusudi, kwa sababu mtu aliyeshtuka huachia mafuta, na pua iliyotanuka husameheka.

Sasa tugeuze. Tukaze nyuma mpaka nyuma ichukue zile 144. Gari ni lilelile, matairi ni yaleyale, kona ni ileile, kilo zilizohama ni zilezile. Lakini sasa nyuma ndiyo itakayoserereka kwanza. Dereva anashtuka, anaachia mafuta, uzito unakimbilia mbele, nyuma inazidi kuwa nyepesi, mkia unatoka kumpita. Amefanya kile anachofanya kila binadamu aliyeogopa, na gari limemwadhibu.

Hata macho yanaweza kulisoma hili. Tafuteni picha za Volkswagen Golf GTI za miaka ya 1980 zikiwa kwenye kona za mashindano: gurudumu la nyuma la ndani liko hewani. Nyuma ilikazwa makusudi, kwa sababu lile ni gari linalovutwa na magurudumu ya mbele na mbele ndiyo ilihitaji msaada. Kisha tafuteni Porsche 911 za zamani, injini nyuma kabisa: mara nyingi linaloinuka ni gurudumu la mbele la ndani. Huko waliikaza mbele ili nyuma yenye uzito wa injini isitangulie. Gurudumu linaloinuka linakuonyesha ekseli iliyobeba mapambano.

Ndugu zangu, nimefika mahali pagumu kwangu.

Nilikuwa na miaka 23, gereji yangu ya kwanza iko chini ya mwembe. Alikuja mzee mmoja mwenye pikapu, anabeba mboga na nyanya kutoka Mgeta kuleta mjini. Akaniambia, "Kijana wangu, nikipakia, nyuma inakaa chini kama mbwa. Nisaidie." Nikatazama: springi za nyuma ni zile za majani, yaani vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, majani matano kila upande. Nikamwongezea mawili kila upande, unene uleule. Matano kuwa saba ni ugumu zaidi kwa asilimia 40. Hesabu hiyo sikuijua. Na kwa kuwa mbele kulikuwa na kelele, nikakuta bushi za stabilaiza, zile raba zinazoishikilia, zimekwisha. Dukani bushi hazikuwepo siku ile. Nikafanya nini? Nikaifungua stabilaiza yote, nikaiweka chini ya kiti. Kelele ikaisha. Mzee akanilipa, akaniombea dua.

Angalieni nilichofanya. Nyuma nimekaza. Mbele nimelegeza. Yule kijana wa miguuni nimempa vyuma mikononi, yule wa kichwani nimempa kamba. Mapambano yote nimeyasukuma nyuma, kwenye gari ambalo likiwa tupu nyuma hakuna uzito wowote.

Kwa wiki mbili lilikwenda vizuri, kwa sababu lilikuwa limepakiwa na barabara ilikuwa kavu. Kisha mvua ikanyesha. Mzee ameshusha nyanya, anarudi mtupu, yeye na mpwa wake wa kiume. Kwenye kona anayoipita kila siku, kwa mwendo anaokwenda kila siku, nyuma ikatoka. Pikapu ikageuka ikaangalia ilikotoka, ikaingia mtaroni. Mpwa wake akavunjika mfupa wa bega. Watu wakasema ni mvua. Wengine wakasema ni matairi. Mzee mwenyewe alisema ni mipango ya Mungu, akanilipa tena nimnyooshee boriti ya mbele. Hakuna aliyeniuliza kuhusu majani mawili na stabilaiza iliyokuwa chini ya kiti. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba swali lile lilipaswa kuulizwa, na lilipaswa kuulizwa kwangu.

Ndiyo maana nasimama hapa. Mangapi ya magari tunayoyakaza nyuma peke yake? Tunaweka vipande vya mpira katikati ya springi za Noah. Tunaongeza majani kwenye Hiace. Halafu dereva anashuka mlima Kitonga mvua inanyesha, anakanyaga breki ndani ya kona. Breki nayo inahamisha uzito kwenda mbele, kwa hesabu ileile ya kimo, ila unagawa kwa urefu kati ya ekseli mbili. Nyuma ni nyepesi, nyuma ni ngumu, lami ina maji. Tunamtaka afanye nini?

Kuna jambo la pili kuhusu ugumu, nalo wenye barabara za vumbi mnalijua kwa miili yenu. Yote niliyoyasema yanachukulia kwamba tairi limegusa ardhi. Kwenye makorongo, gurudumu lenye springi ngumu kupita kiasi linarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, aliyeishi hapa kwetu Tanzania, naye akiwa na 404. Wazee mnaikumbuka 404. Ilikuwa ngumu? Ilikuwa laini, springi zake zina mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, ukikanyaga shimo gurudumu linashuka nalo na kupanda nalo. Kwenye njia iliyomaliza magari 77 kati ya 84, ulaini ule ulikuwa nguvu.

Na tahadhari kuhusu kukata springi, hasa kwa vijana. Springi ya duara yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20. Hilo lingevumilika. Lakini umeishusha, na nafasi ya kupanda imepungua, kwa hiyo katikati ya kona bodi inagonga ile raba ya kizuizi. Ikigonga, pembe hiyo ya gari ni kama haina springi tena, ni kama chuma juu ya chuma. Ekseli iliyogonga inanyakua karibu mapambano yote kwa mkupuo mmoja. Dereva alikuwa anaendesha gari moja, ghafla yuko ndani ya jingine.

Shokapu nitazigusa kidogo tu, maana watu wanazichanganya na springi. Kona ikishatulia, shokapu haibadilishi kilo ngapi zimekwenda wapi. Yenyewe inatawala kasi ya uzito kufika. Iliyovuja mafuta inauacha uzito ufike, upite, urudi, upite tena, na ukigeuza usukani haraka kushoto kisha kulia, mawimbi hayo yanajumlishana. Zibadilisheni mbilimbili kwa ekseli, kamwe si moja.

Sasa kazini. Mteja mwenye mzigo bado atakuja Jumatatu, na nyuma ya gari lake bado itakuwa imekaa chini. Tumsaidieje? Kwanza tumuulize: siku ngapi kwa wiki unatembea mtupu? Akisema nusu ya safari, msimwongezee majani yanayofanya kazi muda wote. Mfungieni jani nene la akiba, lile linalogusa tu gari likishapakiwa, ili likiwa tupu nyuma ibaki laini kama kiwanda kilivyoipanga. Stabilaiza ya mbele isitoke, bushi zikikosekana dukani gari lisubiri. Mkigusa ugumu wa ekseli moja, jiulizeni ile nyingine inasemaje. Na kabla ya kukabidhi funguo, mwambieni dereva mlichobadilisha, kwa maneno, mkimtazama usoni: "Likiwa tupu, na mvua, nyuma itakuwa nyepesi kuliko ulivyozoea."

Yule mzee wa pikapu alikwisha kufariki. Mpwa wake sasa ni mtu mzima, anaendesha gari lake mwenyewe, na miaka mitano iliyopita nilimwita gereji nikamweleza yote haya kama ninavyowaeleza ninyi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na hili langu la sasa, umeliangalia?" Tuliingia chini ya gari pamoja.

Uwanjani kuna pikapu mbili, moja nyuma ina majani matano na nyingine saba. Chukueni futi kamba zenu, twendeni tukazipime kimo kila pembe ya gari, kwanza zikiwa tupu, kisha tuzipakie mifuko ya mchanga. Tunaanza na ile nyeupe.